Sala ya Mdogo Wangu Jukwaani

Mwaka ule nilikuwa ndani ya nyeusi. Mdogo wangu, tumbo moja, alikufa katika hospitali moja hapa Brussels, na kwetu Katanga ndugu anayebeba kilio havai rangi mpaka siku ya kuvuliwa. Anaivaa nyeusi kanisani, sokoni, kazini. Siku ikifika wanakuja wamama wa chama cha kanisa, wanamwosha uso, wanamvua ile nyeusi, wanamfunga kikwembe kipya, yaani kitenge, na muda wote huo wanaimba. Hiyo tunaita kutoa kilio. Bila wao mtu anaweza kuivua nyeusi mwenyewe, polisi hawatamkamata, lakini hapo amebadilisha nguo tu.

Nyeusi haikunisumbua. Hakuna kilichonisumbua mwaka ule. Nilifungua atelye yangu ya kushona asubuhi, nikafunga jioni, nikapanda basi kurudi Etterbeek, nikala nilichokikuta kwenye friji. Watu walinipa pole, nikawajibu asante kana kwamba nimepokea simu ya mtu mwingine. Sikulia siku ya maziko. Baada ya maziko pia sikulia. Binti mmoja wa duka la jirani akaniambia niende kumwona daktari wa mambo ya kichwa. Nikamwambia kichwa changu kiko sawa, kinakata nguo bila kukosea. Lakini ndani nilikuwa naisubiri siku ya kutoa kilio. Nilijua zile nyimbo. Nilikuwa nimewaimbia wengine, na nilikuwa nimeona wanawake wagumu kunishinda wakivunjika kwenye ubeti wa kwanza. Nikawa nasema: wakianza kuimba, labda na mimi.

Sijasoma sana. Masista wa Likasi walinifundisha kusoma, kuhesabu na kushona, halafu baba yangu akasema imetosha. Nilifika huku miaka ya tisini, nikafagia ofisi za watu, nikashona jikoni kwangu, mpaka nikapata chumba changu chenye dirisha la barabarani. Leo ukishuka Chaussée d'Ixelles kutoka Porte de Namur ukauliza nani anashona kikwembe cha wamama Wakatoliki, watakuonyesha mlango wangu. Sikupewa na mtu. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli.

Na kikwembe hicho si cha kukata ovyo. Kimechapwa uso wa Bikira Maria ndani ya duara, duara kubwa kama sahani, na duara zimetawanyika kila mahali. Fundi asiyejua anakata kama anavyokata nguo yoyote, halafu mama wa watu anatembea barabarani na mshono umempitia Bikira katikati ya jicho. Uso unakaa kifuani, au mgongoni katikati ya mabega. Hauendi kwapani. Hauendi tumboni, kwa sababu ya mchuzi. Na nyuma, chini ya kiuno, hauendi kabisa, kwa sababu hapo mtu anakaa. Hakuna padri aliyetunga sheria hiyo. Ni ya wanawake, na wanawake wanaikagua. Nimeona mama akigeuzwa mbele ya mlango wa kanisa, arudi nyumbani akabadilishe.

Mdogo wangu alikuwa na mtoto mmoja tu, mvulana, aliyezaliwa huku. Mimi ananiita mama mukubwa, kama inavyopasa. Mchana alikuwa anafanya kazi katika duka la miwani. Siku nyingine alikuwa drag queen. Neno hilo nililisikia kwake: mwanamume anajivika mwanamke, anapaka rangi, anapanda jukwaani, anacheza, au anasogeza midomo tu huku wimbo wa mwingine unapigwa. Alinieleza miaka kadhaa kabla ya mama yake kufa, akiwa ameketi pale pale wanapoketi wateja, magoti yamebanana. Nilimwuliza kama zile nguo anazishona mwenyewe. Akasema ndiyo. Nikaomba kuiona moja. Nikatazama upindo, nikaona haya. Haya niliyoiona ni hiyo ya upindo. Kuhusu mengine, mama yake alikuwa akimwombea kila jioni, na akimwazima wigi.

Ilikuwa imebaki kama mwezi kabla ya siku yangu ya kutoa kilio alipoingia atelye na mfuko. Alitoa gauni, akalivaa juu ya suruali yake, akanipa mgongo.

"Mama mukubwa, nisaidie. Inanivuta hapa."

Kilikuwa kikwembe cha chama. Mama yake alizikwa na chake, lakini alikuwa ameacha kipande kingine ambacho hakijakatwa, na mtoto ndiye aliyerithi sanduku.

"Nani alikata hii?"

"Mimi."

"Na macho yako ilikuwa wapi? Uliweka Bikira ku matako."

"Non, ni mu mugongo. Chini kidogo."

"Chini kidogo njo matako."

Akacheka. Kicheko ni cha mama yake, kinatokea puani. "Nilitaka nikigeuka, bantu bamuone."

"Na ukikaa?"

"Sitakaa. Niko debout, nimesimama wakati yote."

"Kila muntu anakaa. Hata Papa wa Roma anakaa. Tosha hiyo nguo."

Akaitoa. Akanieleza kwamba ana onyesho Jumapili moja mchana, katika ukumbi mdogo wa Ixelles, na kwamba safari hii hataigiza waimbaji. Atamwigiza mama yake akisali. Nilimsikia vizuri. Nilikuwa tayari nimeshika kile kifaa cha kufumua, nafumua mshono wa nyuma. Kitambaa kilikuwa kimebaki kidogo, ikanibidi nikate mabega upya, nimhamishe Bikira, nimpandishe mahali pake kifuani, niunge upande wa ndani mahali pasipoonekana. Kazi ngumu. Niliifanya vizuri kwa sababu sijui kuifanya vingine. Kama nilijiuliza swali lolote siku ile, lilikuwa kama uzi utatosha.

Haikupita wiki mbili, présidente wa chama, mwenyekiti wao, akaingia. Huyu ni mwanamke mnene, wa sauti, alikuwa mwalimu Lubumbashi na bado anaingia mahali kana kwamba watoto wanapiga kelele. Yeye na mdogo wangu walikaa benchi moja kanisani miaka yote ya huku. Hakuniamkia. Alinisogezea simu usoni.

"Maman, angaria hii."

Ilikuwa picha ya tangazo la onyesho. Kijana wetu amepiga magoti, wigi limefungwa kitambaa, rozari mkononi, kidole kimenyanyuliwa juu kumgombeza Mungu. Bikira alikuwa kifuani, katikati, sawasawa.

"Nimeona," nikasema.

"Umeona wapi?"

"Ku mashini yangu."

Akakaa. Kiti kililia. "Njo vile nilisema! Nilisema kwa benzangu, hii mabega, hakuna mwingine hapa Brussels anashona mabega ya hivi. Bakasema hapana, hawezi. Alors uliweza."

"Alikuwa amemuweka Bikira ku matako. Ulitaka nimuache pale?"

Kwa jambo hilo hata yeye angefumua. Halafu akarudi. "Mwanaume anavaa nguo ya chama. Anashika rozari. Anachekesha bantu na sala. Hii ni kumuchekea Mungu."

"Siku ya sikukuu yako, nani alivaa kama monseigneur, na kofia ya askofu?"

"Ile ni ingine."

"Uliweka muto ku tumbo."

"Monseigneur iko na tumbo!"

"Ukabariki casier ya bière, chupa moja moja. Na fagio. Ulirusha maji mpaka mama ya jikoni akalowana."

Alitaka kucheka, nikamwona. Akakaza mdomo. "Maman, ile tulikuwa sisi kwa sisi. Mulango ilifungwa. Huyu anafanya mbele ya bazungu. Bazungu bakuje kucheka namna mama zetu banasali? Tulitoka mbali na hiyo."

Hiyo niliisikia. Ilikuwa na uzito. Nimefagia ofisi za watu hawa, najua wanavyocheka.

Kisha akaniambia alichokuja kuniambia. Wamama wameongea. Kijana akipanda jukwaani na kile kikwembe, siku ya kutoa kilio hawataimba. Alilisema polepole, na nadhani lilimuuma. Nikamwuliza kama wamemfikiria marehemu. Akasema wanamfikiria yeye tu, siku zote.

"Bon," nikasema. Nikarudi kwenye mashine.

Jioni ile nilimwita kijana. Nikamweleza yote bila kuzunguka, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nataka zile nyimbo, na yeye ndiye aliyekuwa na funguo zake. Alikaa akichezea mkebe wa pini.

"Simuchekee Mungu, mama mukubwa. Ninamufanya mama."

"Na bantu bacheke?"

"Mama alikuwa anachekesha. Haukuwa unacheka?"

Nilikuwa nacheka. Mdogo wangu hakuwa anaomba, alikuwa anagombana. Alikuwa akimkemea Bikira kama jirani aliyechelewa kurudisha sufuria: wewe Maria, uko mwanamuke kama mimi, unanisikia ao hausikie? Hata padri alikuwa akitoka sakristia kusikiliza.

"Basi vala kikwembe kingine. Iko tele hapa, chagua."

"Mama na kikwembe kingine? Huyo njo nani?"

"Fanya ile onyesho kiisha kilio. Mwezi moja tu."

Akatikisa kichwa. Akasema tangazo limetoka, lakini si hilo linalomzuia. Akasema sauti ya mama yake inamtoka. Anajaribu kuikumbuka akiwa dukani, anaisikia sauti yake mwenyewe. Wigi likikaa kichwani na kikwembe kikifungwa, inakuja. "Mwezi moja, mama mukubwa, labda itakuwa imeenda."

Nikamwambia arudishe pini zangu kwenye mkebe.

Kulikuwa pia na padri mzee, Mbelgiji, aliyezeekea Katanga kabla ya kurudi kwao kustaafu. Anasema Kiswahili cha misioni, kizuri, cha kitabuni. Présidente alimpelekea kesi ile na mimi nikaenda pia. Alisikiliza kwa sikio lake moja linalofanya kazi. Akasema kule Katanga aliwahi kuwakataza vijana kucheza ngoma kanisani, na miaka michache baadaye Roma ikaruhusu, na akabaki amewakataza bure. Sasa amechoka kukataza. Akasema pia kwamba asiyekataza anaweza kukosea vilevile. Kisha akauliza kama siku ya kutoa kilio kutakuwa na sombe, yale majani ya muhogo ya kwetu. Présidente alitoka pale amekasirika kuliko alivyoingia.

Jumapili ya onyesho nilikwenda. Sikualikwa na sikukatazwa. Ukumbi ulikuwa nyuma ya mkahawa, zamani palikuwa gereji, harufu ya mafuta bado iko sakafuni. Saa tisa mchana, jua nje, giza ndani. Nilikaa kiti cha mwisho na nyeusi yangu. Wakaingia vijana, wazungu wengi, Waafrika wachache, wanaume wenye kope za bandia, wasichana wenye vichwa vilivyonyolewa, na wazee wawili watatu wa adabu kama wa kanisani. Halafu mlango ukajaa. Alikuwa présidente, amevaa kikwembe cha chama kamili, kitambaa kichwani, pochi mkononi. Akaja akakaa kando yangu.

"Sitahukumu muntu ku photo," akasema.

Kijana mmoja wa Kizungu, mwenye ndevu na rangi ya buluu machoni, akamwinamia kwa heshima, akamwuliza yeye anapanda jukwaani wa ngapi, maana vazi lake ni zuri kuliko yote. Présidente akamtazama kutoka juu mpaka chini.

"Mimi, jeune homme, niko ya kweli," akamjibu kwa Kifaransa, na akaniambia kwa Kiswahili, "Iko na ndevu kama nabii, masikini."

Walipita watatu wanne kabla ya kijana wetu. Sitasema ni vibaya. Mmoja aliimba vizuri. Présidente alipiga makofi kwa huyo, kisha akaficha mikono.

Kisha akatoka mtoto wetu. Kabla ya yote niliyaangalia mabega, yalikuwa yamekaa. Bikira alikuwa amenyooka. Halafu akatembea, na ule mguu wa kushoto uliokuwa ukivutwa kidogo, uliovunjika mdogo wangu akiwa mtoto, ukavutwa. Présidente alinishika mkono. Sikuusikia ule mkono, niliona tu kwamba upo.

Kulikuwa na kiti kimoja jukwaani. Akapiga magoti mbele ya kiti, akatoa rozari kwenye titi, pale mdogo wangu alipokuwa akiificha, akaanza. Kwa Kiswahili. Hakuwatafsiria. Wewe Maria, unanisikia ao hausikie? Niliomba mutoto aache pombe, ameacha, sawa, merci. Niliomba apate bibi wa kuoa, umeniletea nini? Akajitazama, akalishika gauni, akanyoosha kidole juu. Wazungu wakacheka kwa sababu ya kidole. Waafrika wakacheka kabla yao, kwa sababu ya maneno. Kando yangu présidente alitoa sauti fulani, akaimeza. Sauti ilikuwa ya mdogo wangu. Si kwamba ilifanana. Ingekuwa simu ningesema, eh, uko wapi.

Mimi nilikaa. Nilitazama upindo wa gauni, aliurudia vizuri safari hii.

Halafu akabadilisha. Alikaa juu ya kile kiti, nikawaza, nilikwambia kila muntu anakaa. Akashusha sauti. Ikawa sauti ya hospitalini. Na akasema sala ambayo nilidhani duniani naijua mimi peke yangu.

Inabidi nieleze. Siku ya mwisho, mdogo wangu aliniambia nimpe rozari. Mtoto alikuwa amemshika miguu. Akamwambia mtoto aende kuniletea kahawa, na mtoto akaenda. Mlango ulipofungwa, aliongea na Bikira, mara hii bila kugombana. Alisema: wewe mutoto wako alikufa mbele ya macho yako, ulikuwa umesimama pale, unajua ile kitu. Sasa yangu asinione. Mutoshe mu chumba. Yaani Bikira amtoe mtoto chumbani, ili yeye mama afe bila mtoto kumtazama. Na ikawa hivyo. Alikufa kahawa haijafika. Sikumwambia mtu. Kijana alipoingia na vikombe, uso wake haukuonyesha kitu, nikaamini hakusikia.

Alikuwa nyuma ya mlango. Alisikia yote, akaenda kuchukua kahawa, akabaki nje na vikombe kwa sababu mama yake ameomba hivyo. Niliyajua hayo Jumapili ile, nikiwa kwenye kiti cha plastiki, katika gereji ya zamani.

Alipoanza sala hiyo, alikuwa bado ameinua kidole, na watu wengine wakacheka kwa mazoea. Msichana mmoja mbele alicheka sana. Waafrika wakanyamaza kwanza. Alipofika pale pa "mutoshe," alisimama, akaweka rozari juu ya kiti, akatoka jukwaani. Hakurudi. Taa ikabaki inamulika kiti. Watu hawakujua kama imekwisha. Wakaanza kupiga makofi kidogo kidogo, halafu mengi.

Sikupiga makofi. Sikulia pia, kama ndicho unachosubiri. Nilikuwa kama mguu uliokaliwa ukafa ganzi.

Nje, kwenye mwanga, présidente alijipangusa uso wote kwa kitambaa.

"Ile ya mwisho. Alisema hivyo kweli?"

"Kweli."

"Mbele yako?"

"Mbele yangu."

Akaipanga pochi yake mkononi. Akasema, "Nguo, nimesamehe. Kidole, nimesamehe, alikuwa vile. Hata bazungu, bacheke, bataacha. Mais ile sala haikuwa yake. Ilikuwa ya mama yake na Bikira. Muntu hauzi tikiti ya kitu kama ile."

"Iko yake pia. Ni yeye banaongelea ndani."

"Njo maana ilikuwa imefungiwa mulango, maman! Ili asisikie!"

Tulitembea mpaka kituo cha basi. Mpaka leo sijaamua ni nani alikuwa na haki. Nikisimama upande wa présidente namwona kijana nyuma ya mlango na vikombe. Nikisimama upande wa kijana namwona yule msichana wa mbele akicheka. Wenye shule wanasema sanaa ina uhuru na dini ina heshima yake, na wanaandika vitabu. Mimi naona watu wawili wanaovuta kipande kimoja cha nguo, na nguo yenyewe ni ya marehemu.

Siku tatu nne baadaye présidente akarudi atelye. Safari hii aliniamkia.

"Tumeongea. Mutoto akiomba pardon mbele ya chama, tunaimba. Asipoomba, basi asikuje ku kilio, na tunaimba."

"Na akikuja bila pardon?"

"Tutakuja." Akatazama mikono yake. "Marehemu alikuwa mwenzetu. Hatuwezi kumuacha ku mabega yako mwaka mwingine. Tutakuosha, tutakuvua, tutakufunga. Mikono tutaleta. Midomo hapana."

Sijawahi kusikia jambo kama hilo, wala kule kwetu. Nafikiri walilitunga hapa, usiku kucha kwenye simu zao. Lakini nilielewa.

Nilimwambia kijana. Pardon, akasema, hapana. Hawezi kumwombea mama yake msamaha. Hilo nililijua kabla sijauliza. Lakini alinitazama, akaniona ninavyotaka zile nyimbo, sijui aliionea wapi, maana mimi usoni sina kitu.

"Basi nisikuje, mama mukubwa. Baimbe."

Ingekuwa rahisi. Nafasi hiyo aliitoa mwenyewe, sikumlazimisha. Ningenyamaza tu, ningezipata nyimbo zangu. Lakini maji ya kuosha uso yanabebwa na mtoto wa marehemu, na marehemu ana mmoja.

"Na maji atabeba nani?" nikamwambia. "Mimi? Jumamosi, kiisha misa. Uvae costume, suti. Na ile beseni usafishe vizuri, ilikuwa ya dawa ya kuloweka nguo."

Jumamosi ile wamama walijaa ukumbi wa parokia, wote ndani ya kikwembe, Bikira kila kifua, na nusu ya mabega yale nimeyakata mimi. Nilikaa kwenye kiti katikati. Kijana akaingia na beseni, suti ya kijivu, nywele zimenyolewa fupi, anatembea polepole asimwage. Ukumbi mzima ulimtazama akipita. Akapiga magoti kando yangu, akashika beseni. Hakuna aliyemfukuza.

Présidente alichovya kitambaa akaniosha paji la uso, mashavu, shingo. Wawili wakanishika mikono kunisimamisha. Wakafungua vifungo vya nyuma. Kawaida hapo ndipo sauti zinapopanda. Nilisikia vifungo. Nilisikia maji yakidondoka kutoka kwenye kitambaa, na mtoto wa mtu akikokota gari la plastiki huko jikoni. Padri mzee, ambaye hakuna aliyemweleza mpango, au alielezwa kwenye sikio bovu, akaanza kuimba peke yake kwa sauti yake iliyopasuka, kwa Kiswahili kile cha misioni. Akaimba mstari mmoja. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Akanyamaza.

Niliwatazama wamama usoni. Midomo ilikuwa imefungwa, lakini koo zilikuwa zinatembea. Kuna mmoja aliyekuwa akilia wazi. Hata yeye hakutoa sauti. Mikono yao ilikuwa ya moto, na haikufanya haraka, na haikuruka kitu. Nyeusi ikashuka, ikakunjwa. Wakanifunga kikwembe kipya, cha manjano. Présidente akakaza fundo la kiunoni kwa nguvu.

"Umekonda," akaninong'oneza. Hayo ndiyo maneno niliyoyapata.

Nami sikulia. Nilikuwa nimesubiri nyimbo na nyimbo hazikuja, na nisingeweza kusema nimeibiwa, kwa sababu ni mimi niliyemwita wa kubeba maji.

Kisha watu wakala. Bukari, ndio ugali, sombe, samaki, kuku. Padri alipewa sombe yake. Mtoto wa marehemu ndiye anayewapa wageni vinywaji, basi kijana alizunguka na trei ya soda, suti imelowana magotini. Wamama wengine walichukua chupa bila kumtazama. Wengine walisema merci. Wawili walisema hawana kiu, na joto lote lile. Alipofika kwa présidente, yeye aliacha kijiko, na mimi nilikuwa nimekaa kando yake.

"Ile sala. Utaisema tena?"

"Ndiyo, maman. Jumapili, ku Liège."

"Basi kilio yako wewe haijatoka."

"Najua," akasema kijana.

Présidente akachukua chupa mkononi mwa kijana, akaifungua, akanywa. Mimi nikamwambia anipe ya machungwa, na ashike trei kwa mikono miwili, ile sakafu ilikuwa imemwagikiwa maji.